Ofisi ya dola, mzabuni au mwenye mtaji: kuitungia historia kampuni ya vyombo vya anga iliyozaliwa Dodoma

Mwandishi wa hadithi za kisayansi anayeweka kiwanda cha vyombo vya anga Ihumwa au Kizota huanza na jina na nembo. Jina linapendeza, nembo inachorwa ubavuni mwa chombo, safari inaanza. Ikifika sura ya nne mambo yanalegea. Injini inazima kwa sababu hadithi inataka msukosuko, kipuri kinapatikana kwa sababu hadithi inataka kuendelea, na msomaji aliyewahi kushinda gereji akisubiri gari lake anafunga kitabu. Msomaji huyo anajua kwamba kitu huharibika pale fundi alipobana, na fundi hubana pale ambapo anayelipa hatazami.

Kwa hiyo kabla ya jina, amua nani alikuwa analipa. Historia ya kweli ya safari za anga inatoa mifano mitatu iliyo wazi: ofisi ya usanifu ya dola, kama ile iliyoongozwa na Sergei Korolev katika Umoja wa Kisovieti, mzabuni anayetekeleza mkataba wa serikali, kama Grumman ya Marekani, na kampuni ya mwenye mtaji, kama SpaceX ilipoanza. Kila mfano una namna yake ya kukosea, na namna hiyo ndiyo itakayokulishia hadithi. Upo na wa nne, ambao Watanzania hawahitaji kuazima kwa mtu.

Mambo ambayo Dodoma imekwisha kuyaamua

Mifano yote itapita mlango mmoja, nao ni reli. Roketi mara nyingi husafiri kwa maji, kwa reli au kwa barabara, na njia ndiyo inayopima unene wake. Hatua kubwa za Saturn V, roketi ya Marekani ya safari za mwezini, yaani vile vipande vyake vinavyoachana kimoja kimoja angani, zilibebwa kwa matishari. Tangi la katikati la Proton ya Kisovieti lina kipenyo cha mita 4.1 kwa sababu njia ya reli haikuruhusu zaidi. Falcon 9 ya SpaceX ina mita 3.7 ili ipite barabarani. Dodoma haina bahari wala mto wa kupitisha tishari. Kinachotoka bandari ya Dar es Salaam kinapanda behewa, kinapita mahandaki ya Kilosa chini ya nyaya za umeme za SGR, ndipo kifike.

Chukua jambo hilo ulitumie kugawa vizazi vya vyombo vyako. Kizazi kilichobebwa na reli ya zamani ya upana wa milimita 1,000 kiwe chembamba na kirefu. Kizazi kilichofuata reli ya milimita 1,435, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, kinenepe. Chochote kinachozidi hapo kije vipandevipande na kiunganishiwe uwanjani, kama N1 ya Kisovieti, roketi yenye upana wa takriban mita 17 kwenye kitako, ambayo ililazimu kujengewa karakana ya kuiunganishia kulekule Baikonur, uwanja wa Wasovieti wa kurushia roketi. Ukiandika historia mbadala ya miaka ya 1970, kumbuka pia kipande cha reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, ambacho mafuriko hukikata mara kwa mara. Tangi lililokwama Kilosa wiki tatu ni sababu nzuri ya kuahirisha safari kuliko dhoruba ya jua.

Latitudo ni neema. Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta, na dunia inavyozunguka inakipa chombo kinachoelekea mashariki mwendo wa bure wa takriban mita 462 kwa sekunde. Uwanja wa Marekani wa Cape Canaveral unapata kama 409, Baikonur kama 325. Mzingo wa chini wa kuizunguka dunia unahitaji kama mita 7,800 kwa sekunde, hivyo tofauti ya Dodoma na Baikonur ni mita 137 ambazo mafuta hayatazilipia. Mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari nao unasaidia kidogo.

Neema hiyo ina bei. Mashariki ya Dodoma kuna Gairo, kisha Mvomero, kisha nyika hadi pwani, jumla kilomita 330 na ushei kwa mstari ulionyooka. Hatua ya kwanza ya roketi ya kawaida huanguka kilomita mia kadhaa kutoka iliporushwa. Ikipungukiwa nguvu, inaangukia mashamba ya mahindi ya watu. Hadithi yoyote ya urushaji kutoka Dodoma isiyotaja fidia ya Gairo imeacha nusu ya utamu wake nje. Namna salama ya kuliepuka hilo ni kutengeneza Dodoma na kurushia pwani, na hapo reli inarudi mezani.

Asije mtu akakuambia kiwanda cha anga Afrika Mashariki hakiaminiki. Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani, kisiwani Unguja, kikaondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru.

Ofisi ya usanifu ya dola

Hapa mlipaji ni mmoja, na anataka kitu kionekane. Ofisi ya Korolev, OKB-1, iliunda roketi ya R-7, iliyoruka vizuri kwa mara ya kwanza Agosti 1957 na kurusha satelaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Korolev mwenyewe hakutajwa jina hadharani mpaka alipofariki Januari 1966. Magazeti yalisema "Msanifu Mkuu", basi. Jambo hilo peke yake linakupa mtindo: katika hati za kampuni yako pasiwe na majina ya watu, pawe na vyeo na nambari. R-7 iliitwa 8K71 ndani ya mfumo, roketi ya Soyuz iliyotokana nayo ikaitwa 11A511. Nambari za namna hii humfanya msomaji ajihisi anapekua faili asilopaswa kulishika.

Udhaifu wa ofisi ya dola hutokea juu, baina ya wakubwa. Korolev alitaka roketi yake ya mwezini ichome mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Valentin Glushko, bingwa wa injini, alitaka kemikali zinazowaka zenyewe zikikutana. Hawakupatana. Korolev akaenda kwa Nikolai Kuznetsov, msanifu wa injini za ndege, na kwa kuwa injini zake zilikuwa ndogo, N1 ikahitaji 30 kwenye hatua ya kwanza. Kujenga jukwaa la kuziwasha zote 30 pamoja chini kabla ya kuruka kungekula pesa na muda, basi jaribio hilo likarukwa. N1 iliruka mara nne kati ya 1969 na 1972, ikaanguka zote nne. Ile ya Julai 1969 ilirudi kuangukia palepale iliporushwa, ikateketeza uwanja.

Mwaka 1974 Glushko akapewa ofisi ya mpinzani wake ambaye alikuwa marehemu, akasimamisha N1. Injini zilizobaki ziliamriwa ziharibiwe. Hazikuharibiwa. Ziliwekwa stoo, na katika miaka ya 1990 zikauzwa Marekani, zikakarabatiwa na kufungwa kwenye roketi ya Antares, iliyoruka Aprili 2013. Tarehe 28 Oktoba 2014 Antares nyingine ililipuka sekunde chache baada ya kuondoka, baada ya pampu ya mojawapo ya injini hizo kushindwa. Ugomvi wa wanaume wawili wa miaka ya 1960 ukaangusha mzigo nusu karne baadaye, nchi nyingine, chini ya nembo nyingine. Mwandishi akishika jinsi mnyororo huo ulivyofungana, ana riwaya tayari.

Kosa la pili la mfano huu ni amri ya kisiasa inayogeuka kipimo cha chombo. Mwaka 1964 viongozi walitaka watu watatu waruke katika kapsuli moja, na njia ya kuwaingiza ilikuwa kuwavua mavazi ya anga. Chombo kilichofuata, kilichoitwa Soyuz kama roketi yake, nacho kikabeba watatu bila mavazi. Juni 1971 vali ya hewa ya Soyuz 11 ilifunguka mapema chombo kilipojigawa, hewa ikatoka, na watatu wote wakafa. Baada ya hapo walibeba wawili wenye mavazi, mpaka toleo la 1980 lilipoweza kubeba watatu waliovaa. Ukitunga ajali ya ofisi ya dola, itafute kwenye agizo lililotolewa miaka saba kabla, na usimpe lawama fundi wa zamu.

Uzuri wa mfano huu ni umri. Mifupa ya R-7 ya 1957 ingali ndani ya roketi ya Soyuz inayoruka leo. Kwa ulimwengu wa vitabu sita au mchezo wa mezani unaochezwa miaka mingi, hakuna mfano unaolipa kuliko huu: umbo moja, matoleo kumi na mbili, na babu anayekitambua chombo cha mjukuu kwa kukitazama tu.

Mzabuni

Kama ingekuwa lazima kuchagua mmoja kwa ajili ya Dodoma, ni huu. Mji wa wizara unaishi kwa zabuni, na kila msomaji wa hapa anajua tofauti ya kushinda zabuni na kulipwa.

Grumman ilifungua milango Januari 1930 katika gereji ya kupanga kule Baldwin, New York. Ilitengeneza ndege zilizoharibika, na ili mishahara ipatikane ikaunda bodi za alumini za malori. Baada ya Vita vya Pili ikauza mitumbwi ya alumini. Baadaye sana ikaunda magari ya posta. Katikati ya hayo yote, Novemba 1962, ikapewa kazi ya kuunda chombo cha kutua mwezini. Hiyo ndiyo historia inayoweza kuhamia Kizota bila kulazimishwa: kampuni ya kuchomelea bodi za malori na matangi ya maji, iliyoaminika kwa uchomeleaji wake mpaka ikaulizwa kama inaweza tangi la oksijeni.

Hapo uwe na maelezo sahihi, maana mafundi wapo wengi na watasoma. Tangi la maji likivuja linalowesha. Tangi la oksijeni ya kimiminika lina baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, na tone la grisi ndani yake linaweza kuwaka kwa kugongwa tu. Fundi aliyetoka gereji anapaswa kuacha spana zake mlangoni, apewe nyingine zilizooshwa, avae glavu safi. Alumini huchomelewa kwa umeme chini ya gesi ya argoni, na adui yake ni unyevu: maji yaliyo juu ya bamba yakikutana na joto la kuchomelea yanavunjika na kutoa haidrojeni, haidrojeni inaingia kwenye alumini iliyoyeyuka, alumini ikipoa inabaki na vitundu visivyoonekana kwa jicho. Kiangazi cha Dodoma, Mei hadi Novemba, ni zawadi kwa kazi hii. Desemba hadi Aprili lazima bamba lipashwe moto kidogo na kufutwa kabla ya kuchomelewa, na kila mshono upigwe eksirei. Kiangazi nacho kinaleta vumbi la mchanga linaloingia kwenye viti vya vali, vali ikafunga bila kubana. Kampuni yako basi ichomelee kiangazi, na ifunge vali ndani ya chumba chenye hewa iliyochujwa.

Kisha jaribio. Tangi hupimwa kwa kulijaza maji na kuongeza mgandamizo, tuseme mara moja na nusu ya ule litakaofanyia kazi. Wanatumia maji kwa sababu hayashindiliki: tangi likipasuka maji yanamwagika na kazi imekwisha. Likijazwa hewa na kupasuka, linarusha vipande na kuua. Tangi la mita za ujazo 20 linataka lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita 10,000. Katika mji unaotegemea visima vya Makutupora, jaribio hilo litakuwa na foleni yake, na mhasibu atauliza kama yale maji hayawezi kutumika tena. Yanaweza, yakichujwa. Anayebana hapo na kupima kwa hewa ndiye atakayesababisha sura yako ya tano.

Historia ya kampuni usiieleze kwa aya ndefu za utangulizi, iweke midomoni mwa watu wa stoo:

"Shikamoo, mama. Argoni imebaki mitungi mingapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mitatu. Miwili ni ya mkataba wa wizara, hiyo huigusi. Mkaguzi akija atanikuta mimi, hatakukuta wewe."

Mistari hiyo imekwisha kusema kwamba kuna mikataba miwili, kwamba mmoja unadaiwa, na kwamba mama wa stoo amewahi kupata matatizo.

Ugonjwa wa mzabuni uko kwenye maungio, pale kampuni moja inapokutana na nyingine. Chombo cha mwezini kilipozidi uzito, Grumman waliondoa viti, wanaanga wakasimama. Madirisha makubwa yakawa pembetatu ndogo. Bamba la nje likachongwa mpaka sehemu nyingine likabaki na unene wa takriban milimita 0.3. Hayo yalikuwa ndani ya uzio wao, wakayamudu. Yaliyokuwa nje ya uzio ndiyo yaliyokuja kuleta ajali ya Apollo 13, safari ya kwenda mwezini. Tangi la oksijeni la chombo kikuu lilitengenezwa na mkandarasi mdogo wa North American, kampuni iliyounda chombo hicho. Mwanzoni lilipangiwa umeme wa volti 28. Mwaka 1965 maelekezo yakabadilishwa liweze kuhimili volti 65 za mitambo ya uwanjani. Swichi za kuzima joto hazikubadilishwa, na hakuna aliyegundua. Kabla ya safari, tangi lilipokataa kumwaga oksijeni yake, hita ziliwashwa saa nane mfululizo kwa volti 65. Swichi zikaungua zikagandiana. Kipimajoto kiliishia nyuzi 27, hivyo kikasoma 27 wakati ndani nyaya zinaiva na ngozi yake inakatika. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi likalipuka angani.

Watatu wakahamia chombo cha Grumman, kilichopangiwa watu wawili kwa siku kama mbili. Hewa chafu ikaanza kujaa. Vichujio vya chombo kikuu vilikuwa vya mraba, vya Grumman vya duara, kwa sababu kampuni mbili zilipewa mikataba miwili na hakuna mkataba uliosema viingiliane. Wakaunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada ya karatasi ngumu, mabomba ya mavazi na utepe wa gundi. Walipofika salama, Grumman wakawapelekea North American ankara ya utani ya kuvuta chombo kilichoharibika: dola 312,421.24.

Mraba na duara. Weka kitu cha aina hiyo kwenye mkataba wa kwanza wa kampuni yako, kisha usikitaje tena kwa kurasa 150.

Mwisho wa mzabuni ni kuungana. Mikataba ikipungua, mkubwa anamnunua mwenzake. Grumman ilichukuliwa na Northrop mwaka 1994. Jina linabaki nusu, na michoro ya zamani inahamishiwa jengo ambalo hakuna mwenye ufunguo wake.

Mwenye mtaji

Mfano huu ndio unaopendwa na wanaoanza, na ndio mgumu kuuandika vizuri. SpaceX ilianzishwa 2002. Falcon 1, roketi ya takriban tani 28 na mafuta yake yote, yaani nusu ya lori la tela lililojaa kwa kiwango cha tani 56, iliruka Machi 2006 kutoka kisiwa cha Omelek baharini Pasifiki. Nati ya alumini iliyoliwa na chumvi ya bahari ikavujisha mafuta, moto ukawaka, ikaanguka. Nati hizo zikabadilishwa kuwa za chuma kisichoshika kutu. Ya pili, Machi 2007, mafuta yalisukasuka ndani ya tangi mpaka ikapoteza mwelekeo. Ya tatu, Agosti 2008, hatua ya kwanza ilibaki na msukumo kidogo baada ya kuachana, ikaigonga ya pili kwa nyuma. Ya nne ikafika, tarehe 28 Septemba 2008. Desemba hiyohiyo ukaja mkataba wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12.

Tazama miaka hiyo. Mwanzoni kampuni iliishi zaidi kwa mfuko wa mwenye mtaji. Baada ya hapo ilikuwa na mguu mmoja katika uzabuni. Mwenye mtaji mtupu haishi muda mrefu: ama anafilisika, ama anapata mkataba. Ndiyo maana mfano huu unafaa hadithi fupi yenye majaribio manne na pesa za matatu. Ukiuvuta uwe historia ya miaka mia, utajikuta umeandika sifa za tajiri.

Akikua, udhaifu wake ni kipuri cha kununua. Juni 2015 Falcon 9 ilipasuka kwa sababu fimbo ndogo ya kushikia chupa ya heliamu, iliyonunuliwa kwa muuzaji wa nje na kuandikwa kuhimili kilo 4,500, ilikatika kwenye kilo 900 hivi. Dawa ilikuwa kuacha kuamini karatasi na kupima kila moja. Ukihamishia Dodoma, chumvi iache pwani. Hapa nati yako itaharibiwa na vumbi kwenye meno yake: inakaza mkononi, fundi anahisi imefika, kumbe imekwama na haijabana.

| | Pesa hutoka wapi | Hushindwa wapi | Huacha nini stoo |
|---|---|---|---|
| Ofisi ya dola | Hazina, kwa agizo | Majaribio yaliyorukwa, ugomvi wa wakuu | Injini zilizofichwa, umbo lisilozeeka |
| Mzabuni | Wizara, kwa awamu | Maungio kati ya kampuni mbili | Ankara, michoro, vifaa visivyoingiliana |
| Mwenye mtaji | Mfuko wake, mpaka mkataba | Kipuri cha dukani | Mabaki ya majaribio, madeni |

Wa nne, ulio wetu

Msomaji wa Tanzania anajua historia ya kampuni kwa mwendo mwingine: mwenye mali, kutaifishwa, shirika la umma, kubinafsishwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki na viwanda vikubwa. Miaka ya 1990 ikaja kuvirudisha mikononi mwa watu binafsi. Kampuni ya anga ikipitishwa njia hiyo inakuwa mifano mitatu ndani ya mmoja, na kila kuvuka kunapoteza kitu maalumu. Ikitaifishwa, wasanifu wa kigeni wanaondoka na vipimo vilivyokuwa kichwani mwao. Ikiwa shirika, orodha ya wafanyakazi inarefuka na fedha za kigeni za kuagiza vali zinakosekana, basi mafundi wanachonga za kwao, nyingine bora kuliko za awali. Ikibinafsishwa, mnunuzi anataka kiwanja. Mashine zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kati yake ni ile moja ya kukunjia bamba la tangi ambayo haipatikani tena popote.

Udongo wa mkoa huu umekwisha kuona mradi mkubwa ukianguka. Kongwa ilikuwa kitovu cha mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta yalinunuliwa mitumba, mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kuitwa Shervick. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, mvua haikutosha, mizizi ikakunja majembe. Waliopanga walikuwa mbali na hawakuijua mvua ya Ugogo. Mwanzilishi wa kampuni yako anaweza kuwa mjukuu wa fundi aliyejifunza kuchomelea kwenye vifaru hivyo, na hapo umepata karne nzima ya nasaba ya ufundi bila kubuni chuo.

Kuchagua na kuandika

Hadithi fupi ya chini ya maneno 5,000: mwenye mtaji, majaribio mawili tu, moja lishindwe kwa kipuri unachoweza kukieleza kwa sentensi moja. Riwaya ya kizazi kimoja: mzabuni. Mfululizo au mchezo wa mezani: ofisi ya dola ukitaka umbo moja lidumu, au shirika lililobinafsishwa ukitaka wachezaji watafute mashine iliyopotea. Kuchanganya miwili kunaruhusiwa iwapo mmoja unatangulia na mwingine unafuata. Ukiichanganya kwa wakati mmoja, msomaji hatajua nani wa kulaumiwa.

Andika tarehe sita, zisizidi. Kando ya kila moja weka vitu vitatu: aliyelipa, kilichorukwa, kilichobaki stoo. Tarehe isiyo na kitu stoo ifute. Nambari za vyombo zisifuatane kikamilifu. Ruka mbili, kwa sababu miradi hufutwa, na mchezaji makini atauliza chombo cha saba kilikwenda wapi. Uwe na jibu, hata kama ni bamba lililogeuzwa paa la karakana Nala. Upana wa chombo ubadilike mwaka wa reli, usibadilike mwaka mwingine. Na uchomeleaji wa matangi uanze Mei, mvua zikiisha.